Askari wa Kuchezea wa Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kuwatengeneza na Kuwageuza kwa Gharama Ndogo

Majibu haya ni ya mtu mwenye kopo la askari waliokatika vichwa na mikono, ambaye mfuko wake haumruhusu kununua vifaa vya bei. Pale nilipo na msimamo wangu nimeusema wazi.

Nitajuaje askari wangu ametengenezwa kwa kitu gani?

Mpime kwa mkono kwanza. Askari wa madini ya risasi ni mzito kuliko anavyoonekana, hata kama ndani ni mtupu. Na wengi wao ni watupu kweli. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kuuza askari waliomiminwa kwa njia mpya: risasi iliyoyeyuka ilitiwa kwenye kalibu, ikaganda ilipogusa kuta, kisha iliyobaki ikamwagwa. Kilichotoka ni gamba jembamba lenye sura ya mtu. Madini yalitumika kidogo, bei ikashuka, na Wajerumani waliokuwa wameshika soko kwa askari wao waliojaa ndani wakapata mshindani. Ukimgeuzageuza utaona tundu dogo, na kwa wengi jina la kampuni limeandikwa chini ya kitako, yaani kibao anachosimamia. Kimo cha kawaida ni milimita 54.

Ukiwa na shaka, sugua ukingo wa kitako kwenye karatasi nyeupe. Risasi huacha mstari wa kijivu. Aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na madini mengine, ni ngumu zaidi na haiachi mstari kirahisi.

Kuna pia askari wa Kijerumani wenye majina ya kibiashara Elastolin na Lineol, waliofinyangwa kwa unga wa mbao na gundi juu ya waya. Hawa usiwatie majini hata kidogo. Wakinyonya maji huvimba, waya hupata kutu, na mwili hupasuka kutoka ndani.

Wa plastiki wako wa namna mbili. Wa plastiki laini hupinda ukimbonyeza, nao ni wengi, wakiwemo wale wadogo wa kampuni ya Airfix. Wa plastiki ngumu hapindi, anavunjika. Jua tofauti hiyo kabla ya kununua gundi, kwa sababu gundi ya plastiki ngumu haishiki plastiki laini. Britains wenyewe, yaani ile kampuni ya William Britain, waliacha kumimina risasi mwaka 1966, na kuanzia 1971 walitoa mfululizo wa Deetail, plastiki yenye kitako cha chuma. Hao bado wanapatikana kwa bei ya chini na ni wazuri kwa anayeanza.

Je, risasi si sumu?

Ni sumu. Anayemshika askari mzima mwenye rangi yake kisha akanawa mikono hana sababu ya kuogopa. Kinachodhuru ni vumbi na chembe zinazoingia kinywani au puani. Kwa hiyo ukipiga msasa au tupa, lowesha kwanza, wala usipige mkavu. Tandika gazeti, ukimaliza likunje na vumbi lake ulitupe. Usifanyie kazi jikoni, usinywe chai mezani hapo, usivute sigara. Nawa kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine chochote.

Watoto wadogo na mama mjamzito wasikae karibu na kazi hii. Risasi huathiri ubongo wa mtoto unaokua, na haihitaji kuwa nyingi. Kumbuka kwamba hata rangi ya zamani yenyewe mara nyingi ilikuwa na risasi, kwa hiyo tahadhari ni ileile hata mwili ukiwa wa plastiki. Mtoto anayetaka askari wa kuchezea mnunulie wa plastiki wa siku hizi.

Yupi nimtengeneze, na yupi nimwache alivyo?

Hili ndilo swali la kwanza, ingawa wengi huja nalo wakiwa tayari wameshapaka rangi.

Askari aliyekamilika, mwenye rangi yake ya kiwandani hata kama imechakaa, mfute vumbi umwache. Rangi ile ilipakwa kwa mkono, na wapakaji wengi walikuwa wanawake waliolipwa kwa idadi ya askari waliowamaliza. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia utaona nukta za macho zilizowekwa kwa pigo moja moja, na duara la waridi shavuni. Ukiifunika kwa rangi yako, kazi ile imepotea na hairudi. Pia thamani yake sokoni huanguka mara moja.

Aliyevunjika lakini rangi yake bado nzuri, rudisha kiungo kilichokatika na uguse rangi pale tu penye jeraha. Usimpake mwili mzima.

Wa kugeuzwa ni yule asiyekuwa na kichwa, rangi imekwisha, au ameshapakwa ovyo na mwingine kabla yako. Huyo hana cha kupoteza, na bei yake ni ya takataka. Mimi hununua hao tu. Sanduku lililoandikwa "vipande" ndilo langu.

Nahitaji vifaa gani?

Vichache. Kisu chenye makali ya kubadilisha, tupa ndogo, msasa laini wa maji, koleo dogo, sindano na pini, njiti za kiberiti, mswaki wa zamani, supa gluu, gundi nyeupe ya mbao, na epoksi ya kufinyanga ya sehemu mbili. Wapenzi wa Ulaya hutumia Milliput. Ile epoksi ya mafundi bomba inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi inafanya kazi hiyohiyo, ila chembe zake ni kubwa kidogo na inawahi kukauka, kwa hiyo changanya kiasi cha punje ya mahindi tu kwa wakati mmoja.

Pesa yako iweke kwenye brashi. Brashi mbili nzuri zenye ncha inayojikusanya vizuri zinatosha kazi yote, hata jicho. Wengi hukimbilia brashi nyembamba kabisa, lakini ile haibebi rangi, inakauka kabla haijafika usoni. Nunua namba 1 yenye ncha kali.

Drili ndogo ya mkono ni nzuri ukiipata. Usipoipata, sindano nene iliyokazwa kwenye kijiti hutoboa risasi bila shida ukiizungusha polepole.

Kuna unga mweupe juu ya askari wangu. Ni nini?

Risasi inaliwa. Mvuke wa asidi, hasa ile ya siki, hushambulia risasi na kuigeuza kuwa unga mweupe au wa kijivu, na kazi huendelea chini ya rangi hadi kiungo kinadondoka. Asidi hiyo hutoka kwenye mbao, na mwaloni ndio mbaya zaidi. Hutoka pia kwenye mbao za kubandikwa kwa gundi, kadibodi duni, hata silikoni ya kuzibia vioo ile yenye harufu ya siki. Kabati zuri la mwaloni lenye mlango wa kioo uliobana ni mahali pabaya pa kuwaweka.

Mtenge mgonjwa na wenzake. Usipulize unga ule, ni sumu. Usugue kwa mswaki uliolowa maji kidogo, mfute, mwache akauke kabisa, kisha mpake vanishi au praima (rangi ya kwanza ya kutandika) kumfunga. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Wa thamani kubwa wana tiba ya kimaabara, si kazi ya mezani kwako.

Kwa walio Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na Muscat, unyevu wa pwani huharakisha ugonjwa huu. Weka askari kwenye rafu ya chuma au chombo cha plastiki kisichozibwa kabisa, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usivitupe.

Ukiona nyufa badala ya unga, na askari ni wa aloi ya zinki, tatizo liko ndani ya madini yenyewe tangu alipomiminwa. Hilo halitibiki.

Nitatoaje rangi mbovu?

Kwa askari wa risasi, asetoni au dawa ya kutolea rangi inatosha. Fanyia nje, mbali na moto, ukiwa na glavu. Asetoni ndiyo iliyomo kwenye dawa nyingi za kutolea rangi ya kucha, na huyeyusha plastiki ngumu kabisa, kwa hiyo usiithubutu huko.

Kwa plastiki dawa yangu ni Dettol ya kawaida, ile ya kahawia, bila kuichanganya na maji. Mloweke usiku kucha kwenye chupa ya jamu yenye kifuniko, kisha msugue kwa mswaki. Hapa pana kosa ambalo kila mtu hulifanya: usimsuuze kwa maji kwanza. Maji yakikutana na Dettol na rangi iliyolainika, vinageuka utomvu mzito unaong'ang'ania kila mkunjo. Msuuze kwa Dettol safi hadi rangi yote itoke, ndipo umpeleke kwenye maji ya vuguvugu na sabuni. Vaa glavu, maana inachoma ngozi, na usiimwage mtoni wala mtaroni kwani inaua samaki.

Kichwa kimetoka. Nifanyeje?

Njiti ya kiberiti. Ni dawa ya zamani, na watoto wa Kiingereza waliitumia kabla wakusanyaji hawajazaliwa. Askari mtupu ana tundu shingoni pande zote mbili. Kata kipande cha njiti cha kama sentimita moja, kichonge ncha zote mbili, kisukume kifuani kwanza, kisha shusha kichwa juu yake. Jaribu bila gundi. Kichwa kikikaa sawa, mgeuze kidogo kulia au kushoto uone anavyobadilika. Askari anayetazama pembeni ana uhai kuliko anayetazama mbele tu. Ukiridhika, tia tone la gundi, na ufa wa shingo uujaze kwa epoksi.

Usijaribu lehemu. Aloi hizi huyeyuka kwa joto la chini, na mwili mwembamba hivyo utakwisha chini ya pasi ya lehemu kabla hujajua kilichotokea.

Na mkono au bunduki?

Mikono mingi ya Britains ilikuwa ya kuzunguka, imeshikwa na kijiti begani. Kijiti kikibaki, mkono mpya ni rahisi: kuna wauzaji Uingereza wanaomimina mikono ya akiba. Asiyetaka kuagiza, apinde waya wa klipu ya karatasi uwe na kiwiko, auvike epoksi, achonge vidole kwa sindano epoksi ikiwa imeanza kukaza.

Bunduki iliyopinda inyooshe mara moja tu, taratibu, kwa vidole. Risasi ikipindwa mara ya pili na ya tatu hukatika. Iliyokatika mtutu, toboa tundu, chomeka pini iliyokatwa kichwa, ujue imepona. Pini ni ngumu kuliko ile iliyokuwepo.

Askari wangu wa plastiki wanabanduka rangi, na wengine wanavunjika wakiguswa.

Plastiki laini haipendi rangi. Mwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani, mkaushe, kisha mpake gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji. Ikikauka inakuwa ngozi nyembamba inayopinda pamoja naye, na rangi ya akriliki hushika juu yake. Aliyejikunja, mtie kwenye maji ya moto sana kwa muda mfupi, mnyooshe, mtumbukize kwenye maji baridi.

Waliokauka na kuwa wepesi kuvunjika wamezeeka, hasa waliokaa juani. Unaweza kuwafunga kwa gundi nyeupe wakakaa rafuni, lakini usiwakate wala kuwatoboa.

Nataka kumgeuza askari awe mtu mwingine kabisa. Nianzie wapi?

Anzia kwa mtu unayemjua. Nitaeleza niliyemzoea: askari wa King's African Rifles, yaani Keya, jeshi lililoundwa mwaka 1902 na kukusanya vijana wa Nyasaland (Malawi ya leo), Kenya, Uganda na baadaye Tanganyika. Britains waliwahi kutoa sanduku lao lenye namba 225, na sasa wakusanyaji wanaligombania. Lakini Keya wako unaweza kumtoa kwenye askari wa miguu wa Kiingereza asiyekuwa na kichwa.

Chagua anayetembea, bunduki begani. Tafuta kichwa chochote chenye uso mzuri, kata kofia yake juu ya nyusi, lainisha kwa msasa wenye maji. Kwa kimo hiki kila kitu ni kama sehemu moja ya 32 ya ukubwa halisi, kwa hiyo tarbushi ya sentimita 13 inakuwa milimita 4. Finyanga epoksi iwe kijiti cha upana wa kichwa, kiache kikaze nusu, kata kipande cha milimita 4, kibandike, kisha kibonyeze juu kwa kitu bapa. Kishada ni nyuzi za uzi mweusi zilizolowekwa gundi.

Suruali inakuwa kaptura hivi: piga tupa, kwa maji, kuanzia juu ya goti kwenda chini hadi mikunjo ipotee, kisha zungusha uzi mwembamba wa epoksi kwenye paja uwe pindo. Miguu ya Keya ilifungwa vitambaa kuanzia kifundoni. Kata ukanda wa karatasi nyembamba, upana milimita 3, uupake gundi nyeupe, uuzungushe kuanzia kifundoni kwenda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu karatasi hukaa kama kitambaa chenyewe. Wengi walitembea bila viatu, kwa hiyo ondoa kisigino cha buti kwa tupa na uchore vidole kwa sindano.

Kwa picha ya mavazi huhitaji kununua kitabu. Sanamu ya Askari iliyoko katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, iko wazi kwa kila mpita njia. Simama, ikague mikanda, mikunjo ya nguo na namna mikono inavyoshika bunduki, upige picha kutoka pande zote. Mombasa na Nairobi wana zao.

Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Hapo ndipo ninapotaka msomaji afike. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Afrika Mashariki, mizigo ilibebwa kichwani, na wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Masandukuni nimekuta wapiga tarumbeta, wapanda ngamia na majenerali, lakini sijawahi kumkuta mpagazi huyo. Basi mtengeneze. Chukua mwili wa mkulima kutoka seti za shamba, zilizojaa sokoni kwa bei ya bure, chomeka waya begani, uinue mkono hadi kichwani, mfunge shuka ya karatasi ya chooni iliyolowekwa gundi nyeupe, na mtwishe boksi la vipande vya njiti za kiberiti. Weka wapagazi watatu au wanne kwa kila Keya mmoja. Msafara hapo unaanza kufanana na ulivyokuwa.

Nipake rangi gani?

Akriliki za bei ya chini za kazi za sanaa zinatosha. Chini tia praima ya kijivu ya kupulizia, ile ya magari, kwa tabaka jembamba. Khaki ni njano ya udongo, nyeupe na kahawia kidogo. Ukitaka mwonekano wa zamani, maliza kwa vanishi inayong'aa na usichore vivuli. Ukitaka afanane na mtu halisi, paka kahawia iliyopunguzwa sana ijikusanye kwenye mikunjo, kisha vanishi isiyong'aa. Usichanganye mitindo hiyo miwili kwenye kikosi kimoja.

Ngozi inastahili maneno yake. Viwanda vingi viliwapaka Waafrika weusi wa lami na midomo myekundu. Usirudie dhihaka hiyo. Anza na kahawia iliyokolea, tia nyekundu kidogo, na kwa kila mtu badilisha kipimo, kwani hakuna kikosi ambacho watu wake wote wana rangi moja. Sehemu zinazopokea mwanga, paji la uso, mfupa wa shavu, pua, zipake mchanganyiko uleule ulioongezwa chungwa au njano. Usiongeze nyeupe tupu: uso unapauka na kuwa wa kijivu. Jicho liwe mstari mwembamba mweusi, basi.

Niyeyushe risasi na kumimina mwenyewe?

Ushauri wangu ni hapana, kama unaishi kwenye nyumba yenye watu na huna banda la nje. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, na tone moja la maji ndani yake hugeuka mvuke ghafla na kurusha madini ya moto usoni mwako.

Nitawapata wapi kwa bei nafuu?

Huku Uingereza ninakoishi, masoko ya Jumapili ya watu wanaouza vitu vya nyumbani kutoka kwenye magari, na maduka ya hisani. Ujerumani na Ubelgiji, masoko ya vitu vikuukuu. Fika mapema, ulizia vilivyovunjika, nunua kopo zima badala ya mmoja mmoja. Afrika Mashariki, pekua mitumba ya vitu vya watoto, askari wa plastiki hujificha chini ya magari na madoli. Ukikosa kabisa, wale wa kijani wa plastiki kutoka China wanaouzwa kwa pakiti ni miili mizuri ya kujifunzia kukata na kubadilisha vichwa.

Nikitaka kuwauza baadaye?

Sema ukweli wote: kichwa kimebadilishwa, rangi ni yangu, bunduki ni pini. Rangi mpya juu ya mwili wa zamani ikiuzwa kama ya kiwandani ni wizi, na wanaoumia zaidi ni wanaoanza, ambao hawajui kutofautisha. Ili jambo hilo lisitegemee kumbukumbu yako, andika chini ya kitako herufi za jina lako na mwaka kwa kalamu isiyofutika, kisha pitisha vanishi juu yake. Fanya hivyo hata kwa wale unaodhani hutawauza.